Kitabu cha picha mzazi anapokuwa hayupo: kukichagua, kukisoma na kukitengeneza

Vitabu vingi vya picha kuhusu mzazi aliye mbali huishia mlangoni. Mlango unafunguliwa, mtoto anakimbia, mikono ya mama iko wazi, na kurasa mbili za mwisho zimejaa rangi ya jua. Kwa mtoto ambaye mama yake amekwenda kufanya kazi mbali na atarudi mwezi ujao, mwisho huo unatuliza. Kwa mtoto ambaye baba yake yuko gerezani na kesi haijaisha, au ambaye mama yake aliondoka bila kuaga, au aliyefiwa na mzazi, ukurasa huohuo ni ahadi. Na mtoto wa miaka 4 huipokea ahadi ya kitabu kama anavyoipokea ya mtu mzima: anaanza kusubiri.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kitabu kipi ni kizuri, jiulize ukweli wa mtoto huyu ni upi, na kitabu hiki kinamwahidi nini. Kitabu cha picha hakimrudishi mzazi wala hakiondoi huzuni. Kikichaguliwa na kusomwa vizuri, kinampa mtoto maneno ya jambo ambalo wakubwa wanalinong'ona, na kinampa pahali pa kulitua swali ambalo amekuwa akilibeba peke yake. Hilo si dogo.

Hayupo, lakini hayupo vipi?

Neno "hayupo" limebeba mambo yasiyofanana hata kidogo. Kuna mzazi ambaye siku yake ya kurudi inajulikana: amekwenda kazini, masomoni au hospitalini. Kuna aliyehama nyumba baada ya ndoa kuvunjika, na mtoto humwona kwa zamu. Kuna aliye kifungoni. Kuna aliyetoweka, aliyekata mawasiliano, au ambaye mtoto hakuwahi kumjua. Kuna aliyefariki. Na kuna aliyemo ndani ya nyumba, ila ugonjwa wa akili au ulevi umemchukua kiasi kwamba mtoto anamwona kila siku na bado anamkosa.

Mtafiti wa familia wa Marekani, Pauline Boss, alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza familia za wanajeshi waliopotea vitani, na akaeleza aina ya upotevu ambao hauna uhakika: mtu hayupo lakini hajathibitishwa kufa, au yupo kwa mwili lakini hayupo kwa akili. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita msiba usio na matanga. Hakuna anayekuja kusema pole, hakuna siku ya kumaliza kulia, na anayeomboleza anaona haya kwa sababu hakuna aliyekufa. Mtoto aliye katika hali hiyo anahitaji kitabu ambacho mtu mzima wa ndani yake anathubutu kusema "sijui," kisha anaendelea kumwogesha mtoto na kumlaza. Vitabu vya namna hiyo ni haba, na ndiyo sababu sehemu ndefu ya makala haya inaeleza jinsi ya kukitengeneza chako.

Habari yenyewe itoke kwanza kinywani mwa mtu, si kitabuni. Mtoto asijulishwe kwamba wazazi wametengana kwa kufunguliwa hadithi ya sungura waliotengana. Mwambie kwa sentensi mbili au tatu, mwache aulize, halafu siku nyingine kitabu kije kuliendeleza jambo analolijua tayari.

Sentensi hizo zipimwe. Kwa mzazi aliyefungwa, watu hukimbilia "amesafiri." Siku mtoto atakapoambiwa ukweli na mwenzake wakiwa wanacheza, atakuwa amempoteza mzazi na pia imani yake kwa mlezi aliyebaki. Afadhali: "Baba alivunja sheria. Mtu mzima akivunja sheria anaweza kupelekwa mahali panapoitwa gereza. Hawezi kutoka, hata akitaka kuja kukuona." Sentensi ya tatu ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayomwambia mtoto kwamba hakukataliwa. Kama kesi haijaamuliwa, sema kwamba wanaosimamia sheria bado wanachunguza. Kwa kifo, sema "amekufa" au "amefariki," na ueleze kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi, haupumui, hausikii baridi, hauumwi. Imani ya nyumba ije baada ya hapo, isichukue nafasi yake. "Amelala" huzaa mtoto anayeogopa kulala, na "amekwenda safari" huzaa mtoto anayelia kila mtu akishika begi.

Anachoelewa kwa umri wake

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba kati ya miaka 2 na 7 hivi mtoto huuona ulimwengu akiwa yeye ndiye kitovu. Hali hiyo ina hatari yake hapa. Alikasirika, akasema "nenda zako," na wiki iliyofuata mama akaenda. Katika hesabu yake, maneno yake ndiyo yaliyomwondoa. Haitoki kinywani, kwa hiyo wakubwa hawaijui. Kitabu chochote unachokitumia na mtoto wa umri huu kiseme waziwazi kwamba si kosa la mtoto, na kama hakisemi, sema wewe ukifika kwenye picha ya mtoto aliye peke yake.

Chini ya miaka 2 hadithi haina kazi kubwa. Anahitaji kitabu cha kurasa ngumu chenye sura: picha ya mama, ya baba, ya bibi, yake mwenyewe, akiyataja majina kwa kidole. Kuanzia miaka 2 hadi 4 anaelewa kuondoka na kurudi, lakini haelewi "miezi mitatu." Mhesabie kwa usiku wa kulala, na ikizidi 10 au 15 hivi, tumia kitu kinachoonekana, kama mnyororo wa karatasi anaoukata pete moja kila jioni. Mnyororo huo ni wa tarehe ya hakika tu. Ukiisha na mzazi hajatokea, mtoto atahisi amedanganywa na kila mtu.

Kuelewa kifo hujengwa kwa vipande: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake haufanyi kazi tena, kwamba kila kiumbe hufa, na kwamba kifo kina sababu inayoeleweka. Watoto wengi huviunganisha vipande hivyo kati ya miaka 5 na 7. Ndiyo maana wa miaka 4 anaweza kuhudhuria mazishi, kulia, na baada ya siku tatu kuuliza mama atarudi lini. Hajasahau wala hana ukaidi. Jibu lilelile, kwa maneno yaleyale, linatosha, hata kama ni mara ya thelathini.

Na mtoto aliyetulia? Watafiti wa Uingereza James Robertson na John Bowlby, walipokuwa wakiwatazama watoto wadogo waliotenganishwa na mama zao hospitalini katikati ya karne ya 20, waliona mfululizo unaojirudia: kwanza kilio na kupinga, kisha kukata tamaa, kisha mtoto anajitenga na kuonekana kana kwamba amezoea. Wauguzi walikuwa wakiihesabu hatua ya tatu kuwa nafuu. Basi mtoto asiyemtaja mzazi wake usimwondolee kitabu kwa kudhani amepona.

Wa miaka 8 au 10 si wakubwa mno kwa vitabu vya picha. Wengi huvipenda kwa siri. Mpe kitabu amsomee mdogo wake, na utasikia anavyokieleza.

Kwa nini picha zinafaa

Ukimketisha mtoto mbele yako na kumwuliza anajisikiaje, umemweka kizimbani. Ukikaa naye ubavu kwa ubavu na kitabu kikawa magotini, macho yenu wote yana pa kutua. Yupo mtu wa tatu, mtoto wa kitabuni, na mambo yanaweza kusemwa juu yake bila mtu kuumbuka. Pia maneno na picha katika kitabu kizuri havisemi kitu kimoja. Maneno yanaweza kunyamaza pale ambapo picha inasema, na mtoto asiyejua kusoma ndiye mara nyingi anayeiona siri hiyo kwanza.

Caroline Shrodes, katika tasnifu yake ya mwaka 1949 kuhusu kutumia vitabu kutibu moyo, alitaja hatua tatu ambazo bado zinatumika: msomaji anajiona katika mhusika, kisha hisia zake zinafunguka kupitia mhusika huyo, kisha anaiona hali yake kwa jicho jipya. Hatua ya pili na ya tatu hazilazimishwi. Zinaweza kuchukua dakika au miezi.

Sasa swali ambalo walezi huuliza sana: wahusika wawe wanyama au watu? Wanyama wana faida ya umbali. Dubu aliyefiwa anaumiza kidogo kuliko mtoto aliyefiwa. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha mwaka 2017 jaribio kuhusu hadithi ya kugawana vitu: watoto wa miaka 4 hadi 6 walioisikia ikiwa na wahusika watu waligawana zaidi baadaye, na walioisikia ikiwa na wanyama waliovaa nguo hawakufanya hivyo. Jaribio hilo halikuhusu majonzi, hivyo tusilinyooshe kupita kiasi. Hata hivyo, linalingana na jambo ambalo ni rahisi kuliona nyumbani: mtoto anaweza kuifurahia hadithi ya mnyama na asiihamishie maishani mwake hata kidogo. Utaratibu unaofaa ni kuanza na wanyama jeraha likiwa bichi, halafu kuleta kitabu cha watu baada ya wiki chache. Usitegemee cha wanyama pekee kifanye kazi yote.

Kukipima kitabu kabla hujamfungulia mtoto

Kisome mara tatu ukiwa peke yako. Mara ya kwanza soma maneno. Mara ya pili yaache maneno, tazama picha tu, na ujiulize mtoto asiyesoma ataona nini: uso wa nani umegeuka, nani amekaa mbali na nani, rangi zinafifia wapi. Mara ya tatu kisome kwa ukweli wa mtoto wako, hasa ukurasa wa mwisho. Kama mwisho haumfai lakini sehemu nyingine zinamfaa sana, usiurarue ukurasa wala kuuruka kimyakimya, kwa sababu watoto hugundua. Mwambie kabla: "Katika hadithi hii mama anarudi. Wetu hatujui kama atarudi. Bado nilitaka tuisome kwa sababu mtoto huyu naye anamkumbuka mama yake." Tofauti iliyotajwa haichomi kama ile inayofichwa.

Kitilie shaka kitabu kinachomponya mtoto kwa ukurasa mmoja, kinachomfanya mzazi aliyeondoka kuwa mwovu au malaika, au ambamo mtoto anashinda huzuni kwa kuwa "jasiri" na kuacha kulia. Kipende kitabu ambamo mtoto ana hasira na hakaripiwi, na ambamo kuna mtu mzima anayetajwa wazi kuwa ndiye anayemtunza sasa. Urefu uwe wa kukimaliza kwa dakika 5 hadi 10. Kitabu cha picha cha kawaida cha kurasa 32 kinaingia humo vizuri.

Kusoma kwenyewe

Wakati unaofaa ni mchana au alasiri, si kabla ya kulala. Hadithi nzito usiku humwacha mtoto gizani na maswali, na taa ikizimwa hana wa kumwuliza. Acheni nusu saa tupu baada yake, ya kucheza au kuchora. Kitandani msomeeni kitu kingine, chepesi, kinachojulikana.

Soma polepole. Ukifika kwenye picha nzito nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi 7. Watu wazima wengi hawawezi kuvumilia zaidi ya sekunde mbili na hujaza kimya kwa swali. Swali lenyewe lihusu picha, si moyo wa mtoto: "Unaona nini hapa?" lina majibu mengi, ilhali "Na wewe una huzuni?" lina jibu moja, na mtoto anajua ni lipi linalotakiwa.

Iko njia ya kusoma kwa kuzungumza iliyochapishwa na Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani mwaka 1988, iliyokusudiwa kukuza lugha ya watoto wadogo. Mlezi anamwalika mtoto aseme kitu juu ya picha, anapokea alichosema, anakiongezea kidogo, kisha anamwachia mtoto akirudie kikiwa kimejaa zaidi. Lengo lake halikuwa huzuni, lakini tabia inayoijenga ndiyo tunayoitaka: mtoto anageuka msimulizi, mlezi anakuwa msikilizaji. Kwa jambo letu badilisha kitu kimoja tu. Usimsahihishe. Akisema mtoto wa kitabuni anacheka wakati analia, pokea: "Unaona anacheka." Pengine ndivyo anavyotaka awe leo.

Tuutazame ukurasa mmoja kwa karibu. Kushoto kuna maneno sita tu: "Leo jioni Juma aliandaa meza mwenyewe." Kulia, meza, viti vitatu, sahani tatu. Mtu mzima mmoja amegeuza mgongo, anaosha kitu. Juma amesimama na kijiko mkononi. Hakuna neno hata moja juu ya baba. Shangazi amesoma, amenyamaza. Mtoto wa miaka 5 anaweka kidole kwenye picha.

"Ameweka sahani nyingi."

"Ameweka tatu."

"Hii haina mtu."

"Haina mtu?"

"Ilikuwa ya baba yake. Amesahau."

"Labda amesahau. Au?"

Kimya kirefu.

"Au hajasahau."

Shangazi anaitikia kwa kichwa, basi. Mtoto mwenyewe ndiye anayefungua ukurasa unaofuata. Kurasa tatu mbele anarudi nyuma mpaka kwenye zile sahani, na safari hii anauliza: "Shangazi, sahani ya baba iko wapi?"

Sahani si ya Juma tena. Mtoto amevuka mwenyewe kutoka hadithini kuja nyumbani, kwa mwendo wake, na sasa ndipo shangazi anaweza kumfuata: "Iko kabatini, ile ya bluu. Unataka tukaitazame?" Angesema mapema "kama wewe unavyomkumbuka baba," angelifunga lile daraja kabla halijakanyagwa. Kanuni ni kubaki ndani ya hadithi hadi mtoto atoke kwanza.

Pengine hatatoka. Atasikiliza hadi mwisho, ashuke, aende kucheza na gari lake. Watoto huomboleza kwa vipindi vifupi: wanaingia ndani ya huzuni, wanatoka, wanaingia tena. Kitabu hakijashindwa. Kiache mahali anapokifikia mwenyewe, jalada likionekana, na usimwulize kama anakitaka. Akikitaka mara ishirini kwa wiki, msomee mara ishirini. Kurudia ni kazi anayoifanya, na siku atakapochoka nacho atakuambia.

Mambo yanayoharibu

Sauti. Mlezi mwenye kinyongo na mzazi aliyeondoka hujikuta akiyasoma maneno ya mhusika huyo kwa ubaridi. Mtoto anausikia, naye, kwa kuwa nusu yake ni ya mzazi huyo, anajihesabu amesutwa. Kama huwezi kusoma bila sumu, mpe mwingine asome. Hakuna aibu katika hilo.

Machozi ya mlezi si tatizo, mradi yaelezwe: "Nalia kwa sababu nami namkumbuka. Nitafuta machozi, tutaendelea." Tatizo ni kilio kinachomlazimisha mtoto afunge kitabu ili akubembeleze. Ikifika hapo, ataficha huzuni yake ili kukulinda.

Mtihani nao unaharibu: "Hadithi hii imetufundisha nini?" Mtoto atakupa jibu la darasani na mlango utafungwa. Na kitabu kisiwe adhabu wala dawa ya dharura, kinachotolewa kila akilia. Atajifunza kwamba machozi yake yanaitisha somo.

Akikisukuma kitabu, akikitupa au kukificha chini ya kitanda, kiache huko. Amekuelewa. Jaribu tena baada ya wiki mbili au tatu na kitabu kingine chenye umbali mkubwa zaidi, au kisicho na maneno kabisa, ambacho yeye ndiye atakayekisimulia.

Kukitengeneza chako

Chukua karatasi tatu za A4 na kipande kimoja cha manila cha ukubwa huohuo kwa jalada. Kunja kila kimoja katikati, upana wake, upate kurasa za A5. Zipange moja ndani ya nyingine, manila nje. Sasa una kurasa 12 za ndani na jalada. Kwenye mkunjo, ambao una urefu wa sentimita 21, toboa matundu matatu kwa sindano nene: moja katikati kabisa, na mawili kila moja sentimita 4 kutoka ukingoni. Usishone sasa. Andika na kuchora kwanza, karatasi zikiwa huru, ila ziwekee namba kwa penseli ili zisichanganyike.

Ukurasa wa 1 ni wa mtoto mwenyewe: picha, jina, umri. Kurasa za 2 na 3, zinazotazamana, zionyeshe kitu kimoja mahususi alichokuwa akifanya na mzazi wake. Si "baba alinipenda," bali "baba alinibeba mabegani nikagusa dari." Ukurasa wa 4 useme kilichotokea, kwa sentensi moja ya kweli. Wa 5 useme mzazi yuko wapi sasa, au kwamba hatujui. Wa 6: si kosa lako, si kwa ulichosema, wala ulichofanya, wala ulichowaza. Wa 7: anayekupikia, anayekuogesha, anayekupeleka shule, kila mmoja kwa jina. Wa 8 na 9 ni wa hisia na cha kufanya: nyuso nne, mojawapo ya hasira na nyingine ya furaha, kwa sababu mtoto anayecheka wakati mama hayupo huona hatia, kisha mambo mawili au matatu anayoweza kufanya akimkumbuka. Wa 10 ni tunayoyajua, wa 11 tusiyoyajua. Wa 12 uachwe mtupu, ni wake.

Mpangilio huo una sababu. Kurasa za 4 na 5 ndizo nzito, na zinatazamana. Ukizifungua zote mbili, usikubali mlango kugongwa au simu kuita kukukatiza hapo. Geuza mpaka 6 na 7 kabla ya kusimama, ili kikao kisikatike mtoto akiwa na habari mbaya na hana jina la mtu wa kumshika mkono.

Maneno yasizidi sentensi mbili kwa ukurasa, na kwa walio chini ya miaka 4 sentensi moja. Andika ukimtaja mtoto kwa jina au "wewe," lakini usiandike "mimi" na kumlisha hisia ambazo hajazisema. Mchoro wako ukiwa mbaya haidhuru. Picha za kamera zibandike nakala tu, kamwe isiwe picha pekee iliyobaki ya mzazi, kwa maana kuna siku mtoto ataichana kwa hasira na siku ya pili ataitaka. Gundi ya kijiti haikunji karatasi kama ile ya maji. Na mtoto ashiriki: kuanzia miaka 4 achague picha ya kurasa za 2 na 3, akatae sentensi asiyoipenda. Sentensi pekee isiyo na mjadala ni ya ukurasa wa 6.

Kushona: uzi wa sentimita 60. Ingiza sindano kutoka ndani kwenye tundu la katikati, uache mkia wa sentimita 8. Nje, nenda tundu la juu, ingia ndani. Ndani, lipite la katikati, toka kwa tundu la chini. Nje tena, rudi katikati, ingia. Mkia mmoja ukae upande huu wa uzi mrefu wa ndani na mwingine upande ule, ufunge fundo. Ukiifunga mikia yote upande mmoja, katikati kutalegea na kurasa zitaanza kucheza.

Mzazi aliye mbali anaposoma mwenyewe

Kama mawasiliano yapo, kitabu kinaweza kwenda na sauti. Marekani, shirika la United Through Reading, lililoanzishwa mwaka 1989, huwarekodi wanajeshi wakiwasomea watoto wao. Uingereza, Storybook Dads hufanya hivyo kwa wazazi walio gerezani. Mbinu yao haihitaji zaidi ya simu na nakala mbili za kitabu kimoja, au hicho ulichokishona kikiwa kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa.

Mzazi arekodi mahali pasipo mwangwi, aanze kwa jina la mtoto, na agonge kitu kidogo kila ukurasa unapogeuzwa ili mtoto asipotee. Dakika 5 hadi 7 zinatosha. Akikosea neno asianze upya. Makosa na kicheko ndivyo vinavyofanya iwe sauti yake. Kitu kimoja akiepuke kwa nguvu zote: "nakuja karibuni." Aseme "nakuwaza," ambalo ni kweli leo. Mlezi aweke nakala mbili za rekodi mahali tofauti. Kwa mzazi aliyefariki, rekodi isiwashwe ghafla. Mtoto aambiwe kwanza atakachosikia, na kitufe cha kuzima akishike yeye.

Kitabu kinapokuwa hakitoshi

Kurudia kukojoa kitandani, kung'ang'ania nguo ya mlezi, kukataa kula vizuri: haya hutokea sana wiki za mwanzo. Yakiendelea miezi bila kupungua, au mtoto akiacha kucheza kabisa, akijiumiza, au akisema anataka kufa ili amfuate mzazi, mpeleke kwa mshauri nasaha au mwanasaikolojia wa watoto. Kauli hiyo ya mwisho, kwa mtoto mdogo, mara nyingi ina maana ya "nataka kumwona." Hata hivyo usiikisie. Mwulize kwa utulivu ana maana gani, na usingoje.

Kitabu nacho kitahitaji kukua, kwa sababu ukweli ulioandikiwa mtoto wa miaka 4 haumtoshi akifika 8, na kuna mzazi atakayerudi na mwingine ambaye habari zake zitajulikana. Mzazi aliyerudi asomewe na mtoto kitabu chote, ukurasa wa hasira ukiwemo, bila kujitetea. Kisha lifungueni lile fundo, ongezeni karatasi moja mpya kati ya manila na zile tatu, mshone tena katika matundu yaleyale. Kitabu kitapata kurasa mbili mbele na mbili nyuma. Za mbele ni za kitu alichokumbuka baadaye, na za nyuma ziandikwe tarehe juu, kwa penseli, ziachwe wazi.